Kijani Kisicholika

Hoja iliyo mezani ni hii: picha za setilaiti, zikisomwa na mashine iliyofunzwa, zinatosha kuamua kama malisho ya Turkana yamekauka na kama mfugaji anastahili kulipwa bima.

Si hoja ya kupitishia wakati. Oktoba 2015 serikali ya Kenya ilianza kuwalipia wafugaji maskini wa Turkana na Wajir bima ya mifugo, kila kaya kwa kiasi cha ng'ombe watano au mbuzi hamsini. Mpango huo uliitwa kwa kifupi KLIP. Katika bima ya namna hiyo hakuna ofisa anayetumwa kuhesabu mizoga. Kinachohesabiwa ni ukijani wa ardhi, na unahesabiwa kutoka angani.

Nimewaketisha watatu chini ya mgunga kando ya mto Turkwel, si mbali na Lodwar. Mtafiti ni binti aliyesomea jiografia na kompyuta. Kazi yake ni kuzifundisha mashine kusoma picha za ardhi. Mfugaji ni mzee wa mbuzi na ngamia. Mwalimu hufundisha takwimu chuoni, na hapendi upande wowote ushinde kirahisi. Hao watatu nimewabuni. Mto, mti, maji na tarakimu watakazozitaja sikuzibuni.

MTAFITI: Mzee, kwa ruhusa yako nianze na jani. Jani lililo hai hunyonya mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula. Papo hapo hurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao jicho la mtu haliuoni, tunauita infraredi. Jani likikauka, wekundu haunyonywi tena na infraredi inayorudi hupungua. Basi sihitaji kuliona jani lenyewe. Napima miale miwili tu. Tuseme mahali pamerudisha asilimia 40 ya infraredi na asilimia 8 ya mwekundu. Toa, upate 32. Jumlisha, upate 48. Gawanya ile ya kwanza kwa ya pili: 0.67. Hapo pana majani tele. Udongo mkavu ukirudisha 30 na 25, jibu ni 0.09. Kipimo hicho kinaitwa NDVI, na kimetumika tangu miaka ya 1970, baada ya Marekani kurusha Landsat ya kwanza mwaka 1972.

MFUGAJI: Na huyo mpimaji wenu hupita mara ngapi?

MTAFITI: Bima hii iliegemea picha za chombo kiitwacho MODIS, ambacho cha kwanza kilirushwa Desemba 1999. Hutazama karibu dunia nzima kila siku moja au mbili. Doa moja la picha yake, yaani pikseli, lina mita 250 kila upande, zaidi ya hekta sita. Tunajumlisha ukijani wa msimu mzima katika eneo, kisha tunaulinganisha na misimu ya nyuma ya eneo lilelile. Ukiwa chini kuliko wa misimu minne kati ya kila mitano, malipo huanza. Hakuna wa kuhongwa hapo. Mfugaji hawezi kumchinja ng'ombe wake usiku ili adai fidia, wala kampuni haiwezi kusema mizoga haikuonekana. Fikiria bima ya kawaida: mkaguzi asafiri siku mbili kwa gari akakague mbuzi sita. Mafuta ya gari yangewashinda mbuzi kwa bei.

MWALIMU: Hapo sina ubishi. Wazo lilianza kuuzwa Marsabit, Januari 2010, chini ya ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi. Mwanauchumi Mkenya aliyeliongoza, Andrew Mude, alipewa mwaka 2016 tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani. Februari 2017 serikali ilitangaza malipo kwa zaidi ya kaya 12,000 katika kaunti sita, Turkana ikiwamo. Watu walilipwa. Tusijadili kana kwamba chombo hiki hakijawahi kumfaa mtu.

MFUGAJI: Sijasema hakifai. Nasema kinafanya kazi ya jicho, na jicho lina mipaka. Binti yangu, tazama ng'ambo ile ya mto. Unaona nini?

MTAFITI: Kijani.

MFUGAJI: Kijani, mwezi wa pili, nyasi zote zimekuwa vumbi. Huo ni etirae. Baringo wanauita mathenge. Ulipandwa na watu wa miradi ili uzuie mchanga na utupe kuni. Kuni umetupa, sikatai, na makaa pia. Lakini mizizi yake imeshuka ikafika kwenye maji ambayo nyasi haiyafikii, kwa hiyo hauishiwi majani. Na majani hayo mbuzi hayataki. Anachotaka ni maganda ya mbegu yakianguka, ni matamu, na akiyazoea yanamwozesha meno. Mwiba wake ukimchoma ngamia, mguu unavimba. Umefunga njia tulizokuwa tukipitisha mifugo kwenda kunywa. Sasa niambie, jicho lako likipita hapa juu linaandika nini? Linaandika kwamba sisi tuna malisho. Mbuzi wangu anakufa amezungukwa na kijani, na wewe unaniletea karatasi inayosema msimu ulikuwa mzuri.

MTAFITI: Mzee, sitakujibu kwa kukwepa. Penye ukanda mwembamba wa mto kama huu, kosa hupungua, kwa sababu kinachopimwa ni wastani wa eneo zima na etirae ni sehemu ndogo yake. Penye mathenge mengi, wastani wenyewe unadanganya. NDVI huuliza swali moja tu: kuna ukijani kiasi gani? Haiulizi ni ukijani wa nini. Ndiyo maana watu wa fani yangu hawakuishia hapo. Hapo ndipo mashine inayojifunza inapoingia.

MFUGAJI: Inajifunzaje mashine? Ina mama?

MTAFITI: Ina walimu. Naipa mifano: hapa ni mathenge, hapa ni mgunga, hapa ni nyasi, hapa ni udongo mtupu. Kila mfano una mahali pake na namba zake za mwanga. Njia moja inayotumika sana ilielezwa na Leo Breiman mwaka 2001. Tuiite msitu wa maamuzi. Unaotesha mamia ya miti ya maswali. Mti huu unauliza: infraredi ya Februari ilizidi kiasi fulani? Ikiwa ndiyo, tofauti ya Februari na Mei ni kubwa au ndogo? Kila mti unafunzwa kwa sehemu tu ya mifano, kwa hiyo kila mmoja una ujuzi wake na upungufu wake. Mwisho miti yote inapiga kura.

MFUGAJI: Kama baraza la wazee. Mmoja alichunga kusini, mwingine alichunga mlimani.

MTAFITI: Ndivyo. Kwa njia hiyo na picha za Landsat, watafiti waliichora Baringo kwa vipindi. Mathenge ilikuwa hekta 882 mwaka 1988. Mwaka 2016 ilikuwa hekta 18,792. Hakuna mtu angeweza kuzunguka kwa miguu akapima hayo, wala kurudi nyuma hadi 1988 akatazame. Setilaiti ilikuwa imekwisha kupiga picha, ikangoja tupate akili ya kuisoma. Na unajua siri ya kuutenga mti huo na miti mingine? Unachukua picha ya kiangazi. Masika kila kitu ni kijani, mashine inachanganyikiwa. Kiangazi kikikolea, vingi vinapauka, wenyewe unabaki.

MFUGAJI: Hiyo si siri. Mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

MTAFITI: Kweli. Na mashine haikulijua mpaka mtu alipoiambia itazame kiangazi.

MWALIMU: Neno hilo tulishike, tutalirudia. Kwanza nataka kuingilia upande wa namba, maana ramani hizi hazitoki bila cheti. Chini yake utakuta pameandikwa: usahihi, asilimia tisini na ngapi. Msomaji anatulia. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu kutotulia. Chukua eneo lenye viwanja mia, na mathenge iko kwenye vitano tu. Mashine mvivu ikisema kila mahali "hakuna", imepata 95 kwa 100. Imefaulu mtihani, na haijauona hata mti mmoja.

MTAFITI: Ndiyo maana hatutoi namba moja. Tunaonyesha pia, katika vile vitano halisi, mashine imekamata vingapi, na katika vile ilivyodai ni mathenge, vingapi ni vya kweli.

MWALIMU: Mnaofanya kazi vizuri mnaonyesha. Kuna mtego wa pili. Unakusanya mifano elfu moja, unaficha mia mbili za kufanyia mtihani. Lakini hizo mia mbili zimetoka kando ya zile mia nane: kichaka kilekile, udongo uleule, hatua thelathini kutoka kwenye mfano wa kufunzia. Huo ni mtihani wa maswali yaliyofundishwa jana. Ipeleke mashine hiyo Tana River, kwenye udongo na maji tofauti, uone kama itajibu vilevile. Na mtego wa tatu ndio unaoniuma zaidi. Mifano ya kufunzia hukusanywa wapi? Pale gari linapofika. Kando ya barabara, karibu na mji, mahali penye usalama na pa kulala. Huko ambako gari halifiki ndiko ramani inakokisia, na ndiko mfugaji aliko. Waswahili walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mashine inalitekeleza neno hilo kuliko mtu yeyote.

MFUGAJI: Mimi sikusoma, lakini ramani zenu zimenipita mara nyingi. Hata maji mliyatangaza.

MWALIMU: Mzee anazungumzia Septemba 2013. Serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kwamba uchunguzi uliotumia data za rada na setilaiti umegundua hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana, takribani mita za ujazo bilioni 250, sehemu kubwa ikiwa Lotikipi. Habari ilizunguka dunia. Baadaye maji ya Lotikipi yalipopimwa, yalikutwa na chumvi nyingi kupita kiwango cha kunyweka.

MFUGAJI: Watu walicheza ngoma. Tulisikia redioni kwamba ukame umekwisha. Sasa mnaelewa kwa nini mtu akiniambia "setilaiti imeona", mimi namuuliza: imeonja?

MTAFITI: Swali hilo ningeliandika juu ya mlango wa kila maabara. Haikuonja. Rada husaidia kusoma umbo la ardhi, miamba na unyevu; haina ulimi wa kujua chumvi. Lakini tusiitupe rada. Ilisema chimbeni hapa, na maji yalikuwapo. Hifadhi ya Lodwar, iliyo ndogo, ina maji yanayotumika. Kosa halikuwa kutazama. Kosa lilikuwa kutangaza kabla ya kuonja.

MFUGAJI: Na hapa kwenye bima ni kosa hilohilo. Jicho limeona kijani, hamkumuuliza mbuzi.

MWALIMU: Mzee, sasa nikugeukie wewe. Tuseme tumeiweka setilaiti kando. Nani atasema malisho yamekauka? Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa nchini. Nani angezunguka kuhesabu?

MFUGAJI: Chifu angeandika.

MWALIMU: Na chifu angemwandika nani?

MFUGAJI: *(anacheka)* Angeanza na shemeji zake.

MWALIMU: Basi nawe umekubali kwamba mtu naye ni kipimo chenye kasoro. Setilaiti haina shemeji. Tusiifananishe na ukweli kamili ambao hatuna. Tuifananishe na daftari la chifu.

MFUGAJI: Hapo umenishika. Lakini niongeze jambo moja ambalo daftari la chifu lingelijua na setilaiti haiwezi. Wakati wa akamu, kiangazi chetu, mifugo yangu haiko hapa. Vijana wameipeleka mpaka Uganda. Mnapima ukijani wa kata nilikoandikishwa, mbuzi wako kata nyingine, nchi nyingine. Hapa pakikauka mnanilipa na mbuzi wangu wako salama. Hapa pakipata manyunyu, hamnilipi, na kule wanakufa. Kipimo chenu kinamjua mwenye kitambulisho, hakimjui mbuzi.

MTAFITI: Hilo ni kweli, na ni sehemu ya pengo ambalo watafiti wa bima hii wamelipima wenyewe. Utafiti wa Jensen, Barrett na Mude, uliotoka 2016, ulionyesha kwamba hata aliyekata bima alibaki amebeba sehemu kubwa ya hatari yake, kwa sababu hasara nyingi ni za boma moja moja, si za eneo zima. Hawakuficha. Na kuna kuboresha kunakoendelea. Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikirushwa Juni 2015, zina doa la mita kumi tu. Naweza kuuona ukanda wa etirae ukijitenga na mgunga. Sentinel-1 hutumia rada na hupenya mawingu. Aprili 2023 setilaiti ya Kenya yenyewe, Taifa-1, ilirushwa.

MWALIMU: Doa dogo ni jicho kali zaidi. Bado ni jicho. Ukipunguza mita 250 hadi kumi hujaongeza ulimi.

MTAFITI: Ndiyo, na ninakotaka kufika ni hapo. Ulimi upo. Uko hapa, umekaa chini ya mgunga. ILRI imejaribu mfumo uitwao KAZNET, ambapo watu wa maeneo ya wafugaji hutumia simu kupeleka hali ya malisho, mifugo na soko, na hulipwa kwa kila kazi. Vijana wako, mzee, wakipita na mbuzi kwenda Uganda, wanaweza kupiga picha mmea, wakataja jina lake, wakasema mbuzi anaula au hauli. Kila picha ina mahali pake na siku yake. Huo ni mfano wa kufunzia ambao gari langu halitaufikia kamwe.

MFUGAJI: Mtalipa kiasi gani?

MTAFITI: Mzee!

MFUGAJI: Nauliza kweli. Wewe ukimaliza utaitwa daktari. Kampuni ikimaliza itauza bima. Kijana aliyekuonyesha kwamba etirae hailiwi, yeye ataitwa nani? Mwaka baada ya mwaka watu huja na simu, wanatuuliza majina ya mimea, wanakunywa chai, wanaenda. Jina la mmea linabaki kwenye kitabu, jina la aliyelitaja halimo.

MTAFITI: Alipwe kama mwalimu wa mashine, si kama mtu aliyeombwa njia. Bajeti zetu hutenga fedha za kompyuta na picha, halafu kazi ya nyanjani inapewa makombo. Nakubali ni kinyume.

MWALIMU: Ngojeni, msije mkafunga ndoa bila mimi. Kuna hatari hapa. Ukimwambia mfugaji, "neno lako ndilo litakaloamua kama utalipwa," umemkaribisha aseme malisho yamekwisha hata kama hayajaisha. Mzee mwenyewe ametaja shemeji za chifu. Na wafugaji wana shemeji. Basi tenganisheni maswali mawili. Swali la kwanza: huu ni mmea gani, na unaliwa na mnyama gani? Hilo muulizeni mfugaji, wengi na mbalimbali, na jibu halibadiliki kwa sababu ya malipo ya msimu huu. Etirae ni etirae mwaka wa mvua na mwaka wa njaa. Swali la pili: msimu huu ukijani unaolika umeshuka kiasi gani? Hilo iachieni setilaiti, ambayo sasa imefundishwa kutohesabu kisicholika. Anayefundisha mashine asiwe yeye yule anayeamua malipo yake.

MFUGAJI: Umesema vizuri, Mwalimu. Lakini umesahau la tatu. Mashine ikikosea, nimlalamikie nani? Bado sijaona mlango wake. Kabla hesabu ya msimu haijafungwa, ramani iletwe kwenye baraza. Isibandikwe ofisini Lodwar. Iletwe huku, mtu aisome kwa lugha yetu. Tukisema hapa imekosea, waje waangalie mahali watakapopachagua wao, si mahali tutakapowapeleka sisi. Wakikuta ni kweli, warekebishe. Wakikuta tumedanganya, mwaka ujao wasitusikilize.

MTAFITI: Hilo kitaalamu linawezekana. Sampuli ya kubahatisha, vituo vichache kila eneo. Gharama yake si kubwa ukilinganisha na gharama ya kupoteza imani ya watu.

MWALIMU: Naafiki. Na hivyo vituo vya ukaguzi vigeuke mifano ya kufunzia ya msimu unaofuata. Malalamiko ya leo yawe somo la mashine kesho.

Mjadala umefika mahali pa kutoa hukumu, na kama mwenye kikao sitaukimbia wajibu huo.

Hoja kama ilivyoandikwa imeanguka, na imeangushwa na neno moja: *zinatosha*. Setilaiti ina sifa ambazo hakuna kati yetu aliye nazo. Inaona kila mahali, inarudi kila mara, inakumbuka miongo, na haina ndugu. Kuitupa ni kumrudisha mfugaji kwenye daftari la chifu. Lakini ilichopungukiwa hakitaletwa na kamera kali zaidi wala na mashine kubwa zaidi. Kule Lotikipi iliyaona maji na haikuonja chumvi. Hapa Turkwel inakiona kijani na haijui kinywa cha mbuzi. Katika mambo yote mawili, mwenye ulimi alikuwapo na hakuulizwa, au aliulizwa baada ya tangazo.

Kwa hiyo hoja tunaiandika upya: picha za setilaiti zianze kazi, wenye ardhi waifundishe mashine kwa malipo na kwa majina yao, na hesabu isifungwe kabla baraza halijapata nafasi ya kuipinga. Mtafiti anayeona hilo ni nyongeza ya hisani hajaelewa fani yake. Mfano wa kufunzia uliokosewa nyanjani haurekebishwi na hesabu yoyote maabara.

Nawe msomaji, huenda huna mbuzi hata mmoja. Lakini ramani za namna hii sasa zinachora mashamba, misitu ya mikoko, mitaa inayofurika na nyumba unayoishi. Siku moja itatandazwa moja mezani mbele yako, yenye rangi nzuri na asilimia chini yake. Usianze na hiyo asilimia. Uliza kwanza mashine ilifunzwa kwa mifano ya wapi, halafu uliza ni nani aliyekwenda kuonja.